Wano halichaguliwi kwa unyoofu wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua za wasomaji. Katika makala ya michezo ya jadi mliyoitoa hivi karibuni mliwaeleza vijana namna ya kujitengenezea upinde na mishale. Sehemu ya upinde mliiandika vizuri. Lakini mlipofika kwenye mti wa mshale mlitumia sentensi moja tu, kwamba kijana atafute kijiti chochote kikavu kilichonyooka. Sentensi hiyo imeninyima raha. Nina umri wa miaka 61, nachonga mishale tangu sijaota ndevu, na nimeshuhudia kijiti kikavu kilichonyooka kikizama kwenye mkono wa mtoto.

Mtoto mwenyewe ni wa jirani yangu hapa Mang'ola, wilayani Karatu, kando ya Ziwa Eyasi. Yeye na wenzake walichanga fedha wakanunua vijiti vya duara kwenye karakana moja ya mbao mjini. Vilikuwa vizuri kwa macho: vyeupe, vimepigwa randa na msasa, vimenyooka kama ukingo wa rula. Wakavitia manyoya ya jogoo, wakavichonga pengo la kuingia ugwe, yaani kamba ya upinde, wakaanza kulenga gunia la majani nyuma ya mashamba ya vitunguu. Mshale wa nne au wa tano ulikatika palepale alipoachia ugwe. Kipande cha mbele kikaanguka miguuni pake. Cha nyuma, ambacho ugwe ulikuwa bado unakisukuma kwa nguvu zote, kikaingia kwenye nyama iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, mkono wa kushoto ulioshika upinde. Mimi ndiye niliyemfunga kanga mkononi na kumpakia bodaboda kwenda zahanati.

Jioni niliviokota vipande vile nikakaa navyo kibarazani. Palipokatika hapakuwa na nyuzi ndefu zilizochanika, kama ilivyo kwa mti mzima unapovunjwa kwa goti. Palikuwa na mkato laini wa mshazari, kama kalamu ya mwanzi iliyochongwa. Nyuzi za mti zilianzia upande mmoja wa kijiti na kutokea upande wa pili kabla hazijamaliza urefu wa kidole. Mtoto alikuwa anapiga mshale ambao tayari ulikuwa vipande viwili vilivyolaliana, vimeshikana kwa mazoea tu.

Hapo ndipo penye kosa la sentensi yenu, Ndugu Mhariri. Mti unapokua hupeleka nyuzi zake kutoka shinani kwenda kileleni, nazo hupinda pale mti unapopinda na kulikwepa kila tundu la tawi. Msumeno hauna habari hiyo. Unafuata alama ya penseli ya seremala. Kwa hiyo kutoka kwenye ubao uliopinda ndani kwa ndani unaweza kupata kijiti kilichonyooka kabisa, na hicho ndicho cha kuogopa kuliko vyote.

Tena mshale hauruki kama watu wanavyodhani. Ugwe unapousukuma kwa nyuma, kigumba, yaani ncha ya mshale, kwa uzito wake bado kinasita mbele, basi mti hubenuka katikati. Hulipita shikio la upinde ukiwa umepinda, hujirudi, hupinda upande wa pili, na huendelea kutikisika hivyo hewani mpaka utulie. Yote hayo ni kufumba na kufumbua. Mti usioweza kupinda na kurudi hauwezi kuwa mshale, hata ukinyooka namna gani.

Mimi sikuyajua haya kwa akili yangu. Nilizaliwa kusini mwa ziwa, sehemu ambayo leo ni Wilaya ya Mkalama, mkoani Singida. Sisi Wanyisanzu tumeishi na Wahadzabe, watu wa uwindaji, vizazi na vizazi, na wengi wao walisema Kinyisanzu kama sisi wenyewe. Baba yangu alikuwa akibadilishana mtama kwa asali na mzee mmoja wa Kihadzabe ambaye mimi nilimwita babu. Nilipokuwa na miaka 12 babu huyo alinituma nikamletee mawano. Wano, kwa vijana wasiolijua neno hili, ni ule mti wa mshale kabla haujatiwa kigumba na manyoya.

Nilishinda porini tangu asubuhi. Nikarudi na vijiti 10, na vinane kati yake nilivionea fahari kwa jinsi vilivyonyooka. Babu alivichukua kimoja kimoja. Alikishika kila kijiti ncha mbili, akakipinda kama anayepinda upinde mdogo, akakisikiliza, akakiachia. Vile vinane vilivunjika mkononi mwake au vilibaki vimepinda visirudi. Vimoja vilikuwa vimekaukia mtini, vingine vilikuwa na wadudu ndani, vingine vilikuwa laini kama bua la mtama. Vilivyosalia ni viwili, vyote vimejipinda kama mkia wa mbwa. Akaviweka pembeni, akaniambia, "Kupinda kwa nje nitakutoa kwa moto. Kwa ndani utakutoa kwa nini?"

Usiku ule nilimtazama akivinyoosha. Alimenya ganda, akakipitisha kijiti juu ya makaa bila kukiunguza, mpaka joto likaingia hadi moyoni. Kisha akauma sehemu iliyopinda kwa magego na kuikandamiza kwa mikono miwili, akaishikilia hapo hadi ikapoa. Wahadzabe bado wananyoosha mishale kwa meno mpaka leo. Yeyote aliyefika kambini kwao ameona. Mimi natumia kipande cha mti chenye pengo, kwa sababu meno yangu si kama yale, lakini kanuni ni ileile: pasha moto, pinda kidogo kupita pale unapotaka, shikilia mpaka ipoe.

Sasa niseme kuhusu mti wenyewe. Hapa kwetu wano zuri ni la mkole. Wasomaji wengi wa Dodoma, Singida na Manyara wanaujua: kichaka chenye matawi membamba marefu, na matunda madogo ya duara ambayo mbegu yake ni kubwa kuliko nyama. Wahadzabe huyaita kongolobi, na watoto huyala kutwa. Ganda la mkole huchunika kwa ukanda mrefu, ndiyo maana watu hulifanya kamba. Hilo tu lingetosha kumwambia mtu kitu: mti ambao ganda lake huchunika moja kwa moja kutoka chini hadi juu una nyuzi zilizokwenda moja kwa moja. Wahadzabe wana pia mti wanaouita mutateko, ambao huutumia kwa pinde pamoja na mishale. Matete sisi tuliwaachia watoto wadogo.

Lakini kujua jina la mti ni nusu ya kazi. Mkole uliosimama peke yake juani hutoa matawi manene yenye vifundo kila shubiri. Nenda ndani ya kichaka, mahali ambapo mikole imebanana na kila chipukizi linagombania mwanga. Chipukizi la namna hiyo halina muda wa kutoa matawi ya pembeni. Bora zaidi ni lile lililochipua kwenye kisiki kilichokatwa miaka miwili au mitatu iliyopita, kwa sababu huwa limenyooka lenyewe na moyo wake wa katikati ni mdogo. Ukikata ukakuta moyo mpana, mwororo kama sifongo, tupa. Unene uwe wa kidole cha mwisho cha mtu mzima, ukikumbuka kwamba ganda litaondoka na mti utasinyaa. Urefu kata kwa ziada ya shubiri nzima, maana ncha hupasuka zikikauka.

Vifundo vidogo visikutishe, ila kisiwepo hata kimoja kwenye theluthi ya nyuma, karibu na ugwe. Hapo ndipo mshale hubeba mzigo mkubwa wakati wa kufyatuka.

Mimi hukata mwezi wa saba na wa nane, majani yakiwa yamepukutika na mti umepunguza maji. Huchukua machipukizi machache kwenye kila kisiki na kuacha mengine, na mwaka unaofuata kisiki kilekile hunipa tena. Kuna kisiki kimoja nimekuwa nakirudia kwa miaka 19.

Baada ya hapo ni kungoja, na hapa vijana wengi hushindwa. Funga mawano 20 au 30 kwa pamoja, uyabane kwa kamba kila mahali ili yanyooshane yenyewe, uyaweke kivulini. Yangu hukaa juu ya dari ya jiko la kuni. Moshi huzuia bungua, wadudu wanaotoboa mti, na joto la pale ni la polepole. Baada ya wiki mbili nafungua, nageuza, nafunga tena. Miezi mitatu ndiyo ya chini kabisa, na mwaka mzima ni bora. Mti uliokaushwa haraka juani hupasuka nyufa nyembamba ambazo huzioni mpaka siku zitakapokuumiza.

Kuna watu hunicheka wakiona mafungu ya vijiti visivyo na manyoya wala vigumba yamejaa dari langu. Mjukuu wangu alinisomea kwenye simu habari ya yule mtu wa kale aliyekutwa mwaka 1991 kwenye barafu ya milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria, anayeitwa Ötzi. Alikufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Kwenye podo lake, yaani mfuko wa mishale, mlikuwa na mishale 14, na kati ya hiyo ni miwili tu iliyokuwa imekamilika. Hiyo 12 mingine ilikuwa mawano yanayosubiri. Tena mengi yalikuwa machipukizi marefu ya kichaka cha huko kwao, si vipande vilivyopasuliwa kutoka kwenye gogo. Nilimwomba mjukuu anisomee mara ya pili. Mtu ambaye hatukujuana naye kwa bahari wala kwa karne, naye alichagua kama alivyochagua babu.

Jambo jingine ambalo makala yenu haikuligusa ni kulinganisha wano na upinde. Wano gumu mno kwa upinde wako halibenuki vya kutosha, na kwa anayevuta kwa mkono wa kulia mshale huenda kushoto. Wano laini mno hubenuka kupita kiasi na kwenda kulia, na kwa upinde mzito linaweza kuvunjika. Kijana hulaumu jicho lake au manyoya, kumbe ni mti. Babu alilijua hili kwa mikono. Upinde wa Kihadzabe ni mzito, kuuvuta hadi mwisho ni kama kunyanyua kilo 30 au zaidi, na mishale yao ni mirefu, hukaribia mita moja, hivyo mawano yao ni magumu kweli. Ukiuchukua mshale huo ukautia kwenye upinde mwepesi wa kujifunzia, utakwenda kombo tu.

Asiye na mikono ya babu atumie kipimo, na ni rahisi. Pigilia misumari miwili kwenye ubao, iachane sentimita 66. Laza wano juu yake. Katikati ning'iniza uzito wa gramu 900; mimi nina chupa ya plastiki niliyoitia maji hadi mizani ya dukani ikasoma hivyo. Kisha pima kwa rula wano limebonyea kiasi gani. Kwa upinde ambao kuuvuta ni kilo 20 unataka libonyee milimita 14 au 15. Kwa upinde wa kilo 30, kama milimita 10. Hesabu hii ni ya mshale wa sentimita 70 hivi. Ukiwa mrefu zaidi, wano liwe gumu zaidi, kwa maana mti mrefu hupinda kwa urahisi. Katika seti moja tofauti isizidi milimita moja na nusu. Geuza pia wano wakati wa kupima, kwa sababu mara nyingi upande mmoja ni mgumu kuliko mwingine, na ule mgumu ndio uegemee upinde.

Na uzito. Nimewahi kuona mtu ana mishale sita mizuri, kila mmoja peke yake, lakini mmoja mzito na mwingine mwepesi, na haikutua pamoja hata siku moja. Tafuta mizani ndogo, panga yanayokaribiana.

Najua wapo wasomaji wa mijini ambao mkole hawatauona, na hao watalazimika kununua mbao. Siwakatazi. Waingereza wa zamani walifanya hivyo: meli yao ya vita Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, ilikutwa na maelfu ya mishale ndani yake, na mingi ilikuwa ya mti wa popla uliochongwa. Lakini anunue kwa macho yaliyo wazi. Kama ni paini, atazame ncha ya ubao ahesabu pete za ukuaji wa mti. Paini iliyokua haraka ina pete pana, na ni dhaifu. Achague ile yenye pete zilizobanana. Kisha asianze na msumeno. Achukue panga na nyundo ya mti apasue ubao kwa kufuata nyuzi zenyewe. Ubao ukipasuka kwa kwenda upande, huo haukuwa na mshale ndani yake, afadhali ujue kabla. Kinachopasuka moja kwa moja ndicho kipigwe randa hadi kiwe duara, na pengo la ugwe likatwe kuvuka pete, wala lisifuatane nazo, la sivyo ugwe wenyewe utakipasua kama shoka ndogo. Juu ya hayo, zungushia kano au uzi imara chini ya pengo.

Na kwa anayenunua vijiti vilivyokwisha tengenezwa: kilowanishe kidogo kwa kitambaa, ukizungushe mwangani. Nyuzi zitaonekana. Zikikimbia pamoja na kijiti kutoka mwanzo hadi mwisho, kichukue. Zikijitokeza ubavuni kwa ncha ndefu kama ndimi za moto, kirudishe. Baada ya hapo kipinde kidogo pande zote, ukiwa umekielekeza mbali na uso. Kinachopiga kelele hata kidogo kisiingie kwenye podo la mtoto.

Vigumba na manyoya nitapita haraka. Vigumba natengenezewa na wahunzi wa Kidatoga hapahapa Mang'ola, ambao hufua misumari kwenye moto wa mkaa kwa viriba vya ngozi. Kwa kulenga shabaha, kofia ya ganda tupu la risasi iliyokwisha kupigwa au ncha butu ya mti inatosha. Manyoya ya kanga ni mazuri, ya bata mzinga pia, na yote kwenye mshale mmoja yatoke bawa la upande mmoja. Sumu siizungumzii, na uwindaji una sheria na vibali vyake. Mimi naandikia watoto wanaolenga gunia.

Yule mtoto wa jirani mkono wake ulipona, ingawa kidole gumba hakikunji sawasawa asubuhi kukiwa na baridi. Mwezi wa nane nilikwenda naye kwenye kile kisiki changu. Alikata mawano saba, akayapinda mwenyewe, akayatupa manne. Matatu yako juu ya dari langu, kwenye fungu lenye kamba nyekundu, na kila Jumapili anakuja kuyageuza.

Ombi langu kwenu ni moja. Mchapishe masahihisho ya sentensi ile, pahala palepale na kwa herufi za ukubwa uleule, kabla shule hazijafungwa mwezi wa Desemba. Likizo ikianza watoto wataingia vichakani na kwenye karakana kutafuta vijiti, na gazeti lenu ndilo walilobandika ukutani.

Wenu,
Fundi wa mishale,
Mang'ola, Karatu